Siku Moja Maishani Mwangu: Msimu wa Mbolea ya Ruzuku Trans Nzoia

Saa kumi na moja alfajiri nilianza kupokea simu za wanachama waliotaka kujua iwapo ghala lilikuwa limepata shehena mpya. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, na kila mwezi wa Machi, mashamba yakiwa yamekwisha kulimwa na mvua ikitarajiwa wakati wowote, karibu kazi yangu yote huwa ni kuhakikisha kwamba mbolea ya ruzuku inamfikia mkulima kabla mbegu haijaingia ardhini.

Saa moja asubuhi tulikutana kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nikawasomea wazee jumbe zao. Mkulima aliyesajiliwa kwa nambari ya kitambulisho, ukubwa wa shamba na nambari ya simu hutumiwa vocha inayoonyesha idadi ya mifuko anayoruhusiwa kununua. Serikali haimpi pesa mkononi, bali hubeba sehemu ya bei. Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, yaani mbolea ya kupandia, ulipopita shilingi 6,000 madukani, majirani zangu wengi walipunguza mbolea na mavuno yakapungua. Septemba mwaka huo ruzuku iliishusha bei hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Kwa mwenye ekari mbili, nafuu hiyo ndiyo inayoamua kama atanunua CAN, mbolea ya kukuzia mahindi yakishaota, au ataacha mahindi yageuke manjano.

Saa mbili alifika mama mmoja bila ujumbe wowote. "Katibu," aliniambia, "mimi ndiye ninayelima, lakini vocha inaingia Nairobi." Mumewe, ambaye ni mwashi huko, ndiye aliyeandikishwa, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu jana. Hata angepatikana, kitambulisho kinachotakiwa ghalani kilikuwa mfukoni mwake. Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika mpango huu, kwa maana ruzuku hufuata nambari ya simu, ilhali anayepanda, anayepalilia na anayevuna mara nyingi ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika daftari lolote.

Saa nne tulikuwa ghalani. Foleni ilikuwa ndefu na mtandao mzito, tukahudumiwa saa nane. Kila mmoja alilipa kwa M-Pesa, kisha tukakagua mifuko mmoja mmoja: mshono, alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), jina la mbolea na uzito. Tumeshika desturi hiyo tangu mwaka 2024, ilipobainika kuwa mbolea bandia ilikuwa imepenya katika mpango huohuo wa ruzuku. Aliyeinunua hakupoteza shilingi zake peke yake. Alipoteza msimu mzima, kwa kuwa mbegu ilikuwa imekwisha kufukiwa.

Saa kumi tulipakia mizigo kwenye pikapu tuliyoikodi kwa pamoja. Mkulima anayekwenda peke yake kwa bodaboda hulipa nauli inayokula sehemu kubwa ya nafuu aliyoipata, na ndiyo maana ninaunga mkono kwa moyo wote hatua ya kuvitumia vyama vya ushirika kama vituo vya kugawia mbolea karibu na wakulima. Vituo hivyo viongezwe, na vijazwe mwezi wa Februari, si mvua ikiwa imeshaanza kunyesha.

Saa kumi na mbili jioni wanachama walikubaliana kumkopesha yule mama mfuko mmoja wa DAP kutoka akiba ya kikundi ili asipitwe na mvua. Nami niliandika jina lake juu kabisa katika orodha ya wanaohitaji kusajiliwa upya, na tukapatana tufike pamoja kwa naibu wa chifu saa tatu asubuhi, yeye akiwa na kitambulisho chake na nambari yake mwenyewe, kabla vocha za mbolea ya kukuzia hazijatolewa.