Harusi ya Ngamiani: siku yangu moja nyuma ya kamera

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta niko macho, nachomeka betri. Siku ya harusi chaja zote za nyumba huwa zangu. Mume wangu keshazoea kuamka simu yake imezima. Chai ya rangi, kitumbua, bodaboda, nimeondoka.

Saa 2 asubuhi. Studio yetu iko Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mimi napiga picha upande wa wanawake. Upande wa wanaume ni wa kijana mmoja kutoka Moshi, tunamwita Mangi, fundi hasa wa kamera ila Tanga bado mgeni. Wa tatu ni Bi Mkubwa. Kwenye karatasi ya malipo ameandikwa "msaidizi": anabeba begi, anashika taa. Enzi zake alikuwa akipamba maharusi, na mpaka leo ukimtajia nyumba atakutajia nani kaoa kwa nani.

Kabla hatujatoka anamkalisha Mangi kitako.

"Mwanangu, msikitini usimtafute biharusi. Hayupo."

"Sasa ndoa inafungwaje, Bi Mkubwa?"

"Baba yake ndiye anayemuozesha. Yeye yuko kwao, anangoja kufuatwa."

Mangi anacheka, anadhani anataniwa.

Saa 4. Nyumbani kwa biharusi, chumba cha ndani. Hina ya jana imekolea vizuri, chumba kizima kinanukia udi na asumini. Hapa ndipo ninapolipiwa kuwa mwanamke. Mama mtu ananivuta pembeni: picha za mwanawe akiwa kichwa wazi zisionwe na mwanamume yeyote. Namwonyesha kadi ya kamera yenye alama nyekundu. Kadi hiyo naitoa mimi, naihariri mimi, na hata bosi haigusi. Wateja wengi wanatuchagua kwa ajili ya alama hiyo kuliko kwa uzuri wa picha zetu, na siwalaumu.

Saa 7. Pilau, kwenye sinia, haraka.

Saa 10 na nusu, baada ya sala ya alasiri, nikaha inafungwa msikitini. Mimi sipo, ila Mangi kanisimulia. Kilichomshangaza hakikuwa kukosekana kwa biharusi (hilo alishaonywa), bali pesa. Kwao Uchagani mahari huenda kwa wazazi na ukoo, na pombe ya mbege hainyweki kimyakimya. Hapa mzee mmoja aliyekaa naye mkekani alimfafanulia: mahari ni haki ya binti mwenyewe, ndivyo dini inavyosema. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mambo ya mila, yana bahasha zake. Mangi akauliza, "Na wajomba je?" Mzee akamwambia wajomba watakula pilau.

Saa 11 na nusu jioni. Bwana harusi anakuja kumwona mkewe. Mimi niko ndani, Mangi yuko nje na msafara wa wanaume. Mlango umefungwa, na nyuma yake wamejipanga mashangazi, mabinamu na somo wa biharusi, yaani kungwi wake.

"Mlango haufunguki bure!"

"Tumeshatoa mahari, fungueni!"

"Mahari ya mwali. Ya mlango iko wapi?"

Sauti zinapanda. Mtu anagonga mbao kwa kiganja, shangazi mmoja anaapa kwamba leo bwana harusi atalala barazani. Nachungulia dirishani namwona Mangi kashusha kamera kifuani, kageukia ukutani kwa heshima, kama mtu aliyekuta mume na mke wanagombana. Bi Mkubwa kamwona pia. Akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akampiga kofi la begani: "Piga, mwanangu! Hii ndiyo harusi yenyewe!" Wanaume wakadhani mkono ule unadai pesa, wakaujaza noti. Bi Mkubwa akazivuta ndani, mlango ukafunguka, vigelegele.

Mangi aliwahi kuzinasa noti zile kwenye kamera. Ndiyo picha nzuri kuliko zote za siku ile, zangu zikiwemo.

Saa 3 usiku. Ukumbini, wanawake watupu, taarabu. Mwanamke mwenye gauni la kijani anainuka kila mpasho ukikolea, anamtunza mwimbaji huku kaikabili meza moja. Taa imemkaa, mwendo umemkaa.

Saa 6 usiku. Studio. Tuko wawili na kadi ya alama nyekundu. Mangi keshaanza kusinzia kwenye kochi la mapokezi. Yule wa kijani nataka nimweke mwanzoni mwa video. Bi Mkubwa anatikisa kichwa. "Mtoe. Meza ile amekaa wifi yake, hawasemeshani tangu arubaini ya mzee wao. Video hii itaangaliwa sebuleni na wote wawili."

Nimemtoa.

Bosi akaja na bahasha. Ya Bi Mkubwa ndiyo nyembamba, kama kawaida, maana malipo yanafuata kamera na yeye hana kamera. Nikamwambia bosi mbele ya wote kwamba leo, bila Bi Mkubwa, tungekabidhi harusi isiyo na mlango na video ya kuvunja udugu. Akasema tutaongea.

Jumamosi ijayo ni Moshi, harusi ya kanisani. Tukifunga studio Bi Mkubwa alikuwa anamhoji Mangi kuhusu ndafu: yule mbuzi mzima anakatwa kabla ya keki au baada, na yeye asimame wapi na taa.