Mmoja Twende: Siku Yangu na Daftari Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani ya matatu pale Kondele, daftari mapajani. Makanga anapiga bati kwa kiganja: "Mmoja twende! Mmoja twende!" Anaingia mama na beseni la omena, natia kijistari. "Mmoja twende!" Wanaingia wanafunzi wawili. Gari linapoondoka nina vijistari sita. Mmoja wa Kondele ni watu sita, na sote mle ndani tunalijua hilo. Hiyo ndiyo kazi yangu: kuhesabu kile tunachokicheka kila siku, kisha kukichora.

Saa mbili nafika mjini, kwenye meza ninayokodi. Nimehesabu asubuhi moja tu, kwa hivyo siwezi kuchora mstari unaopanda na kushuka. Nachora pau mbili: fupi ni makanga alivyosema, ndefu ni walioingia. William Playfair, mwanzilishi wa grafu za pau, naye alifika hapo kwa kukosa hesabu. Mwaka 1786, akichapisha London grafu zake za biashara, alikuwa na hesabu za Uskoti za mwaka mmoja pekee, basi akatumia pau. Mkono unawasha kuandika kumi badala ya sita ili watu wacheke zaidi. Siandiki. Abiria wa Kondele atajua nimeongeza chumvi, na kicheko kitaishia hapo.

Saa nne naanza kazi ya pesa. Mzee mmoja mwenye duka kule Manyatta amechoka na kibandiko cha "deni kesho". Amenisomea visingizio kutoka daftari lake la madeni bila kutaja jina la mtu: thelathini. Idadi tamu hii, maana duara lina nyuzi 360, kila kisingizio kinapata 12. "Nitatuma jioni" ni 13, nyuzi 156. "Simu imezima" ni 8, nyuzi 96. "Nimesahau pochi" ni 6, nyuzi 72. "Baba watoto atapita" ni 3, nyuzi 36. Naweka protrakta, napiga mistari kwa penseli, nahakikisha kipande cha mwisho kimefunga bila mwanya, ndipo natia wino. Hakuna raha kama duara linalofunga lenyewe.

Mchana nachora katuni chini yake, visanduku vitatu. Cha kwanza, mteja ana mkate kwapani. Cha pili, anapapasa mifuko. Cha tatu hakina maneno, ni macho ya mwenye duka tu juu ya daftari. Nimefuta hayo macho mara nne. Yakiwa makali anakuwa mtu mbaya, na mzee si mtu mbaya.

Saa kumi mvua, kama kawaida.

Saa kumi na mbili jioni tunabandika ukutani. Watu wanacheka, wananunua, wanacheka tena. Mama mmoja anaweka kidole kwenye kipande kidogo kabisa.

"Mzee, hiki ni changu. Lakini si alipita Jumamosi?"

Mzee analowesha kidole, anafungua daftari. Mstari umekatwa. "Alipita kweli, mama."

"Sasa mbona nimechorwa na wasiolipa?"

Sina jibu. Nilihesabu maneno, sikuhesabu kilichofuata. "Samahani mama, nitarekebisha leo leo." Nabandua karatasi. Mzee anaanza kusoma upya, kisingizio kimoja kimoja, nami natia alama. Wa "baba watoto", wawili kati ya watatu wamelipa. Wa "nitatuma jioni", ambao nilidhani ndio sugu, tisa kati ya 13 walituma kweli, wengine usiku huo huo.

Saa tatu usiku niko nyumbani na karatasi mpya. Waliolipa nawachorea mistari ya mshazari. Tisa mara 12 ni nyuzi 108, karibu theluthi ya duara zima, na mkono bado haujafika nusu yake.