Macho kwake, akili kwenye madaftari

Mwezi umepita tangu siku ile mwanafunzi aje mezani kwangu akilia, nami jambo la kwanza lililonijia ni kwamba atanichelewesha kusahihisha. Nilimsikiliza, lakini macho tu ndiyo yalikuwa kwake. Usiku nilikosa usingizi.

Kuchoka nakujua, ukilala kunaisha. Hiki kilikuwa kitu kingine. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha pamoja na mwenzake kipimo cha uchovu wa kazi mwaka 1981, alieleza sura zake tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwa baridi kwa watu unaowahudumia, na kuona kazi yako haina tija. Ile ya kwanza nilikuwa nayo tangu katikati ya muhula, nikaipuuza. Ya pili ndiyo iliyonitisha, maana niliingia ualimu kwa kuwapenda watoto.

Nilianza na mwili, kwa kuwa wasiwasi wangu hukaa huko kabla sijaufikiria. Kabla ya kuingia darasani nasimama mlangoni, navuta pumzi taratibu, kisha naitoa kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Mara sita tu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo, na kweli nausikia ukitulia. Usiku nakaza misuli na kuilegeza, kutoka nyayo hadi usoni. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nashinda nimeuma meno kutwa nzima!

Lakini pumzi haipunguzi rundo la madaftari. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu walimu tunaambiwa tujitulize huku tukiongezewa zamu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu huu kuwa ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Maelezo hayo ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kumwendea mwalimu mkuu. Nilimweleza kila kitu, sauti ikitetemeka. Akanipunguzia zamu moja. Mwenzangu ofisini aliposikia, alisema, "Mwalimu, nilidhani ni mimi peke yangu." Sasa kila Ijumaa tunakaa nusu saa, kila mmoja anasema kilichomlemea, na hakuna anayekimbilia kutoa ushauri.

Leo yule mwanafunzi amekuja tena, kuazima kalamu. Nimemuuliza anaendeleaje, akavuta kiti. Kengele imelia tukiwa bado tunazungumza.