Unapenda kinanda na unasafiri Ulaya? Anzia mlangoni kwa kanisa

Mi ni mpiga kinanda usharikani kwetu, hiki cha umeme tunachokijua wote, na toka niko Sunday school nlikua na hamu moja tu, nisikie kinanda chenyewe cha mapaipu, kile kinachopuliza upepo kweli. Kwaiyo nilivyopata safari ya kikazi Ujerumani nikasema sasa ndo wakati. Siku tatu nzima nko kwenye simu natafuta, naletewa kumbi kubwa za tiketi bei mbaya. Mama mwenye nyumba niliyofikia ndo akanambia niachane na simu nikasome karatasi za mlangoni kanisani.

Na kweli bana! Makanisa mengi kule, ya Kilutheri na ya Katoliki, yanabandika ratiba ya muziki pale pale mlangoni, na hata kama lugha huijui we tafuta neno moja tu, Wajerumani na Waholanzi wanaandika Orgel, Wafaransa orgue, Wapoland organy, ukiliona hilo angalia tarehe na saa umemaliza. Nyingi ni bure, unaweka sadaka yako wakati wa kutoka.

Passau nilienda kwa treni, mji uko mpakani na Austria. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano lina mapaipu 17,974, yaani mi nlikua nadhani wamekosea kuandika. Kuanzia Mei mpaka Oktoba wanapiga saa sita mchana, isipokua Jumapili na sikukuu, kama nusu saa hivi, tiketi unakata hapo hapo. Sasa kumbe ni vinanda vitano vimekaa sehemu tofauti tofauti na mtu mmoja anavipiga vyote akiwa amekaa sehemu moja, na kimoja kiko juu darini kabisa, sauti yake inashuka kupitia tundu kwenye dari. Nimekaa pale muziki unatokea nyuma, mara mbele, afu ghafla sauti ndogo laini inatoka juu kichwani, watu wote tukainua macho kwa pamoja. Nlilia, sioni aibu kusema.

Ila kwangu mimi tamasha bado sio kilele. Kilele ni ibada, maana pale kinanda kinafanya kazi yake kiliyotengenezewa, kubeba sauti za watu. Leipzig, huko huko Ujerumani, kuna Thomaskirche, kanisa alilotumikia Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, toka 1723 mpaka alipofariki 1750 na kaburi lake liko humo humo mbele. Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri wana motet, yaani ibada ya muziki, kwaya ya wavulana inaimba (likizo za shule kwaya inapumzika so angalia ratiba kwanza), na katikati usharika wote unasimama kuimba. Nlienda karibu na Siku ya Matengenezo ya Kanisa, kinanda kikaanza, nikashtuka, huu si wimbo wetu wa Luther, Mungu ni ngome, tunaouimba KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania! Wao Kijerumani mi Kiswahili, kinanda kikatubeba wote.

London pia ni hivyo hivyo, Westminster Abbey mtalii analipa kuingia lakini ukienda sala ya jioni, evensong, hulipi kitu na kinanda unakisikia. Na Uholanzi msikose Haarlem, kanisa la Mtakatifu Bavo, kinanda cha 1738 ambacho Mozart alikipiga 1766 akiwa na miaka 10 tu, kiangazi wanakua na matamasha.

Vaeni sweta, humo ndani kuna baridi hata Julai.

Na ukiwa mpigaji usikimbilie kutoka, subiri chini ya ngazi mpiga kinanda ashuke, msalimie, mwambie na wewe unapiga. Mi nlifanya hivyo kwenye kakanisa kamoja ka kijijini, mzee wa watu akanipandisha juu, akanikalisha kwenye benchi akavuta kitufe cha sauti moja ya besi, akanambia kanyaga, maana kinanda hiki kina vibao vya kupiga kwa miguu pia. Nikakanyaga noti ya Do ya mwisho kabisa kushoto. Kwanza hukisikii kitu sikioni, unaisikia kwenye benchi, kwenye mbao chini ya miguu, afu ndo sauti inakuja.