Siku moja maishani mwangu: napima umbali wa mtu kufika kliniki

Saa 2 asubuhi nishakaa na ramani. Kazi yangu ni kusaidia kupanga huduma za serikali za afya ya akili na za watu wenye ulemavu zikae wapi. Ramani niliyopewa ina maduara tu, umechorwa mzunguko wa kilomita kadhaa kuzunguka kila kituo na aliye ndani anahesabiwa kafikiwa. Sasa kuna kijiji kiko ndani ya duara kabisa ila kati yake na kliniki kuna mto, daraja liko mbali huko, na basi lenyewe halina pa kupandishia kiti cha magurudumu. Eti hao nao wamefikiwa! Nafuta, naanza kupima muda wa safari kwa barabara zilizopo kweli.

Saa 4 napiga simu kwa walioandikwa kwenye rejista "ameacha kuhudhuria", na hapa ndo natumiaga muda mwingi. Leo nimeongea na mama mmoja, mwanae ana mtindio wa ubongo na alikuwa anakuja mazoezi ya viungo kila wiki. Nikamuuliza mama vipi mbona hatuwaoni, akasema mtoto amekua, mgongoni habebeki tena, na akikodi usafiri hela ya wiki nzima imeisha. Mazoezi anayataka sana, wala hajakata tamaa, ila rejista inamsoma kama mzembe. Hilo neno "ameacha" linaniuma, manake huduma ndo ilikaa mbali naye.

Saa 6 majibu ya barua pepe, basi.

Saa 8 kikao. Hoja mezani ni kupanua hospitali kubwa ya mjini kwa sababu foleni yake ndo ndefu kuliko zote. Nikaomba nafasi nikasema jamani, foleni inahesabu walioweza kufika, wale walioshindwa njiani hawamo. Na hili si jipya, daktari Edward Jarvis wa Massachusetts aliliandika tangu 1850, kwamba wanaokaa karibu na hospitali ya wagonjwa wa akili wanaitumia zaidi na kadiri unavyokwenda mbali wanapungua, wakati ugonjwa hauchagui umbali. Kwa hiyo tukigawa pesa kwa mahudhurio, aliye karibu anaongezewa kila mwaka na wa mbali anazidi kusahaulika. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza 2022 kwamba kuna nchi nyingi ambako hadi dola 2 kati ya kila 3 za serikali za afya ya akili zinaishia kwenye hospitali kubwa za magonjwa ya akili.

Mwenzangu akauliza, sasa madaktari bingwa wa kupeleka huko vijijini tunao? Swali zuri, hatuna wa kutosha. Lakini sindano ya mwezi, ile dawa ya ugonjwa wa akili inayochomwa mara moja kwa mwezi, haihitaji bingwa kila mara, nesi aliyefundishwa anaichoma kwenye zahanati na kufuatilia mgonjwa, bingwa anapita kwa ratiba na katikati hapo anashauri kwa simu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 25 na 26, unataka huduma ziwe karibu kadiri inavyowezekana na jamii wanakoishi watu, na vijijini vimetajwa waziwazi. Nimeusoma kikaoni neno kwa neno.

Saa 10 likaja wazo la kuhamishia kila kitu kwenye simu za video. Inasaidia ndio, ila kiungo cha mtoto hakinyooshwi kwa video, na anayetumia lugha ya alama picha ikikatakata hapati kitu, na sehemu zisizo na kliniki mara nyingi ndo hizohizo mtandao unasuasua.

Saa 11 tumetoka hatujamaliza, wamekubali nilete mpango wa timu ya kuzunguka na gharama zake. Nimeanza na vijiji vya ng'ambo ya mto, na siku ya kliniki nimeweka ileile ambayo watu wanashuka sokoni, manake usafiri upo. Kwa yule mama nimeandika mazoezi yafanyike nyumbani, mtaalamu ndo amfuate.