Kimeingia!

Jana jioni hapa Tororo, kwenye uwanja ule wa wazi unaotazamana na mwamba, tumecheza gofu ya visahani mpaka giza likatufukuza. Badala ya kupiga mpira kwa fimbo, unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kikapuni, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja kamili huwa na vituo 18. Sisi tuna 6, na vitano ni miembe tu: kisahani kikigusa shina, umemaliza. Cha sita ndicho fahari yetu! Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kikapu kwa rimu ya baiskeli na cheni kuukuu za bodaboda.

Nikirusha kwa mkono wa kulia, kutoka kifuani kwenda nje, kisahani hunyooka kwanza, kasi ikipungua kinapinda kushoto. Kwa hiyo nikalenga kulia kabisa, juu ya mbuzi waliofungwa pale. Kikaenda, kikapinda, halafu zile cheni: chaaa! Watoto waliotoka kuchota maji wakaweka madumu chini wakaja mbio, "Anko, tupe na sisi!" Tukawapa. Msichana mmoja anayetumia kushoto akanishinda vituo viwili.

Kesho saa kumi tuko pale tena. Njooni, visahani vipo.