Zabibu Moja

Jana usiku mwanangu alichambua pilau kama kawaida yake, zabibu akazisogeza pembeni, mwisho akazihamishia zote kwenye sahani yangu. "Mama, chukua zako." Nikazila moja moja. Akaniangalia weee, akauliza, "Mbona unatafuna umefumba macho?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Lakini mimi nilishafika Upanga, kwenye kile chumba cha ghorofa ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi ya pili baada ya arobaini ya mama. Usingizi sina, kazini barua moja naisoma mara tatu na sioni imeandikwa nini. Wifi akanilipia ile kozi ya meditesheni bila kuniuliza. "Nenda tu ukakae," alisema. Nikapanda mwendokasi Kimara, nikashuka Fire, nikatembea. Dada aliyetuongoza akatueleza kwamba mafunzo yale ya wiki 8 yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, kwenye chuo cha tiba huko Massachusetts, Marekani, na kwamba wa kwanza kufundishwa walikuwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Kisha akapitisha bakuli. Kila mtu zabibu kavu moja, kiganjani.

"Iangalie kama kitu ambacho hujawahi kukiona."

Umeme ukakatika. Pangaboi likazunguka kivivu, likasimama, jasho likaanza kunishuka mgongoni. Nikaiangalia. Kumbe si nyeusi. Ukiielekeza dirishani ina rangi ya asali ya nyuki wadogo, na upande mmoja ina kovu dogo pale kikonyo kiliponyofoka. Tukaambiwa tuinuse. Nikainusa, na papo hapo nikawa Magomeni, kwenye sinia la pilau, nachomoa zabibu na kuzisukumia upande wa mama. Sikuzipenda hata siku moja. Mama alikuwa hasemi kitu, anazila tu, miaka yote ile. Sasa ninayo moja mkononi, na upande ule hakuna mtu.

"Iweke ulimini. Usitafune bado."

Ilikaa pale kavu, kama kipande cha ngozi. Ikalainika polepole. Nilipoiuma, utamu ukatoka kwa ghafla, ukajaa mdomo mzima, nyuma yake uchachu kidogo. Tangu mazishi nilikuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Nililia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua. Hakuna aliyenigusa. Nje konda aliendelea kuita Posta, Posta, na dada akasema taratibu, "Pumua. Jua tu kwamba unapumua."

Baadaye tulilala chali, akili ianzie vidole vya mguu wa kushoto ipande mwili mzima. Mimi nilisinzia kabla ya kufika gotini.

Siku hizi nakaa dakika kumi alfajiri, sauti ya kuniongoza ikitoka kwenye simu. Pumzi ya tatu tu, akili imeshakimbilia ada ya shule, naiona, nairudisha. Kama ni hiyo iliyonisaidia, au ni kwamba msibani sikupata nafasi ya kulia kwa sababu mtoto wa kwanza ndiye anayehangaika na viti na turubai, bado sijajua.

Nimetenga zabibu mbili kwenye kisosi, yangu na ya mwanangu. Akirudi kutoka shule nitamwita tukae barazani. Huenda akanirudishia yake.